Andikeni Majina ya Abiria: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Boti za Ziwa Kivu

Waheshimiwa,

Nimeshika kalamu nikiwa na hasira. Tiketi ya boti niliyokata Goma kwenda Idjwi ni kipande cha karatasi chenye bei na muhuri unaochafua vidole. Pa kuandika jina la abiria hapana. Nilisafiri nayo peke yangu, na hasara iliyonipata kwa jina langu kutoandikwa inapita nauli mara nyingi. Sitaisimulia, kwa kuwa neno langu ni pana kuliko hasara yangu: boti inang'oa nanga, na nchi kavu habaki hata mtu mmoja anayejua nani wamo ndani. Aliyepanda na jamaa zake ana wa kumwulizia. Msafiri wa peke yake, akichelewa, wa Goma hudhani ameshafika kisiwani, na wa Idjwi hudhani bado yuko mjini akiutazama moshi wa mlima Nyiragongo. Ndugu yake pekee ni orodha ya abiria.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 na vifo 78. Wengine wakatoa hesabu zao. Ajali ilitokea mchana, mbele ya macho ya mji, na bado hesabu haikupatana, maana waliopotea hawahesabiki kama hawakuandikwa walipopanda. Baada ya ajali ya boti ya Kalehe ya Aprili 2019, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jaketi la kujiokolea. Agizo lile lilikuwa la haki na lingetekelezwa lingeokoa wengi. Lakini jaketi halitaji jina la aliyelivaa.

Mtasema ni vita. Ni kweli, mapigano yaliifunga barabara ya Sake na watu wakafurika ziwani; basi hapo ndipo orodha ilipohitajika zaidi. Mtasema mji wa Goma umebadilisha watawala tangu Januari 2025. Ziwa ni lile lile, na anayepokea ushuru wa bandari leo ndiye anayedaiwa orodha leo. Gharama nayo si hoja: mananasi na kahawa ya Idjwi huhesabiwa yakishushwa kwa sababu yanalipiwa, na daftari lenye nafasi ya magunia lina nafasi ya majina.

Pingamizi moja nalipokea kwa uzito. Katika nchi yenye bunduki nyingi, orodha ya majina inaweza kuwa mtego, na wapo abiria wenye sababu nzuri ya kuogopa kujitaja. Kwa hiyo nakala moja ibaki bandarini, nyingine ipokelewe kisiwani, asizisome askari wala mtoza kodi, na zote zichomwe boti ikishafika salama. Hofu hiyo inadai orodha ilindwe, haidai isiwepo. Wanaopandia njiani waandikwe kituoni walipopandia.

Na jambo hili haliishii majini. Goma ni mji uliojengwa juu ya lava. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo iliupasua ikateremka hadi ziwani; tarehe 22 Mei 2021 mlima ukafumuka tena, na siku chache baadaye watu wakaamriwa kuhama kwa maelfu, watoto wakapoteana na wazazi njiani. Mamlaka inayoshindwa kuandika abiria wa boti moja itamtafutaje mtu mji mzima ukikimbia usiku? Tumezoea kutawaliwa na watu wanaojua idadi ya magunia kuliko idadi yetu.

Nadai boti isiondoke bila orodha iliyotiwa sahihi na nahodha, na nakala yake ibaki nchi kavu. Ipo boti ya kesho asubuhi. Daftari litangulie kufika bandarini.