Bingwa mwezi wa sita, mwezi wa kumi timu haipo: mikataba inayotawala hoki Marekani

Leo tuiache kidogo soka, twende kwenye barafu.

Vuta picha: timu ya mji wenu inatwaa kombe la ligi, la kwanza kabisa katika historia yake. Miezi michache baadaye msimu mpya unaanza, timu haipo. Haijashuka daraja, haijafilisika wala haijafungiwa. Imehamishwa tu, tena mlishaambiwa miezi kama mitano kabla ya kombe lenyewe.

Sio hadithi. Ni Manchester. Sio ile ya kina United, ni mji wa Manchester ulioko jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani. Timu yao iliitwa Monarchs. Januari 2015 ikatangazwa kwamba inahamia California. Juni 2015 vijana wakabeba Kombe la Calder, ndilo kombe la ligi ya AHL. Oktoba wakawa wanaanza msimu upande wa pili wa bara, na jina jipya kifuani.

Ukisikia hivyo unauliza: sasa nani kaamua? Jibu liko kwenye karatasi moja ambayo shabiki huwa haoni, yaani mkataba kati ya timu ndogo na timu kubwa. Tuufungue.

Kule hoki ya barafu imepangwa kama ngazi. Juu kabisa kuna NHL, timu 32 za Marekani na Canada. Chini yake kuna AHL, nayo ina timu 32, kila moja na mkubwa wake. Chini zaidi kuna ECHL, timu karibu 30. Msichanganye na madaraja ya soka tuliyozoea. Kule hakuna kupanda wala kushuka. Ukiwa bingwa wa AHL leo, mwakani uko AHL ile ile. Anayepanda ni mchezaji, timu inabaki pale pale.

Na mchezaji wenyewe, wengi wao sio wa timu ndogo. Kijana anasaini na timu ya NHL. Yeye ndiye mwajiri, yeye ndiye anayelipa mshahara, halafu anampeleka chini akapikwe. Wengi wana mkataba wa mishahara miwili: ukicheza juu unalipwa hivi, ukishushwa unalipwa vile. Msimu wa 2025-26 kima cha chini NHL kilikuwa dola 775,000 kwa mwaka. Kijana huyo huyo wa mkataba wa kwanza akiwa AHL, mara nyingi haifiki hata dola 100,000. Na hesabu inakwenda kwa siku. Simu moja ya asubuhi inabadilisha maisha.

Timu ndogo kazi yake ni nini basi? Kuuza tiketi na jezi, kulipia ukumbi, kutafuta wadhamini. Kwa mikataba mingi inachangia pia gharama kwa timu kubwa, na timu kubwa ndiyo yenye sauti kwenye kocha, kwenye nani acheze dakika nyingi, na kwenye nani aondoke kesho. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Timu ndogo inauza ushindi kwa watu wake wa Jumamosi usiku. Timu kubwa inataka kijana ajifunze, hata akikosea mechi ipotee. Wawili mnaendesha gari moja, mmoja ana usukani, mwingine analipia mafuta.

Tuwe wakweli lakini, mfumo unazaa matunda. AHL wenyewe hujivunia kwamba karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wamepitia kwao. Chukua golikipa Jordan Binnington. Msimu wa 2017-18 timu yake, St. Louis Blues, haikuwa na timu yake kamili ya AHL, maana ile ya Chicago ilikuwa imeshahamia kwa mkubwa mwingine. Wakamkopesha kwa Providence, ambao ni watoto wa Boston. Akakaa huko anadaka kwa watu wengine. Januari 2019 Blues walikuwa mkiani NHL nzima, wakamwita kutoka San Antonio. Juni 2019 wakawa mabingwa wa Kombe la Stanley, mechi ya saba, ugenini. Kwa nani? Kwa Boston! Jamaa waliompa mahali pa kucheza ndio aliokuja kuwaliza.

Sasa tazameni kilichotokea 2020, mtaona watu wanavyozungushwa. Vegas Golden Knights walinunua haki ya timu ya San Antonio wakaipeleka Henderson, jirani na kwao. San Antonio wakabaki bila timu. Blues nao wakakosa pa kupeleka vijana, wakaenda Springfield. Springfield walikuwa na Florida, kwa hiyo Florida wakaenda Charlotte. Charlotte walikuwa na Carolina, kwa hiyo Carolina wakaenda Chicago, ambako Vegas ndio walikuwa wametoka. Mzunguko kamili. Na hao Charlotte walikuwa mabingwa wa AHL mwaka 2019, wakiwa na hao hao Carolina. Ukitegemea kombe likulinde, umekwisha.

Kuna aliyejaribu kukataa. Chicago Wolves wana mmiliki wao, hawamilikiwi na timu ya NHL. Walibeba Kombe la Calder 2022 wakiwa na Carolina. Mwaka uliofuata wakaachana, na mzozo ulikuwa ule ule: Wolves wanataka kushinda sasa hivi, Carolina wanataka usemi juu ya malezi ya vijana. Msimu wa 2023-24 Wolves wakacheza peke yao, wakitafuta wachezaji na kuwalipa wenyewe. Hakuna timu ya AHL iliyokuwa imefanya hivyo tangu msimu wa 1994-95.

Matokeo? Walikosa hata mtoano. Na Carolina nao hawakupona, vijana wao ilibidi watawanywe kwa mkopo kwenye timu za watu. Msimu wa 2024-25 wakarudiana. Kila mtu alijifunza kwa maumivu. Ila kwangu mimi funzo kubwa ni hili: Wolves walipoachwa, timu haikuhama. Mashabiki wa Chicago walifungwa, walinuna, lakini Jumamosi walikuwa na mahali pa kwenda.

Sasa linganisha na Hershey, ule mji wa chokoleti kule Pennsylvania. Timu yao, Bears, iko AHL tangu 1938, na mmiliki ni kampuni ya pale pale mjini. Wamebadilisha wakubwa zaidi ya mara moja. Walichukua kombe 1988 wakiwa na Philadelphia, 1997 wakiwa na Colorado, na tangu 2005 wako na Washington. Jumla wana makombe 13, hakuna aliyewafikia, na mawili ya karibuni ni ya 2023 na 2024. Wakubwa wanakuja na kuondoka, Bears wapo.

Manchester hali ilikuwa tofauti. Monarchs walikuwa mali ya Los Angeles Kings wenyewe. Kings walikuwa na hoja, tusiwaonee. Mchezaji akiumia Los Angeles asubuhi, mbadala wake yuko New Hampshire, inabidi avuke bara zima kwa ndege ndipo avae viatu. Wakati huo huo San Jose, Anaheim, Edmonton na Calgary nao walikuwa na vijana wao mbali, wakakubaliana wote kuwasogeza California kwa mkupuo mmoja. Monarchs wakaenda mji unaoitwa Ontario, mwendo wa gari tu kutoka Los Angeles.

Kwa hesabu za timu ni sahihi kabisa. Lakini kumbukeni Kings walikuwa mabingwa wa NHL 2012 na 2014. Golikipa wao Jonathan Quick alipita Manchester. Alec Martinez, aliyefunga bao la kumaliza fainali ya 2014, naye alipita Manchester. Ule mji uliwalea watoto, ukanunua tiketi wakiwa bado wanajikwaa, ukawapigia makofi. Mwaka mmoja baada ya kombe la pili, mji ukaachwa. Ukapewa timu ya ECHL, ngazi ya chini, yenye jina lile lile la Monarchs. Nayo 2019 ikafungwa.

Kwa hiyo tatizo ninaloliona sio ushirikiano wenyewe. Bila timu kubwa, ndogo inahangaika, Chicago wametuonyesha. Bila ndogo, kubwa haina pa kulelea vijana. Tatizo ni kwamba kwenye hiyo meza kuna wawili tu waliosaini, na wa tatu, yaani mji, yuko nje anachungulia dirishani akiwa na tiketi ya msimu mkononi.

Ukitaka kujua timu ndogo ina uhai gani, usiangalie kwanza jedwali la ligi. Uliza haki ya timu iko mfukoni mwa nani. Ikiwa kwa timu kubwa, mji ni mpangaji, siku yoyote anaweza kuambiwa afungashe virago. Ikiwa kwa mwenyeji, kuna nafuu, ingawa sio dawa ya moja kwa moja. San Antonio mwenye timu alikuwa mtu wa pale pale mjini, lakini hela ilipowekwa mezani akauza. Hershey mwenye timu hajauza. Tofauti yote iko hapo.

Ndo maana mimi ningependa kuona jambo dogo tu: mkataba ukitaka kuvunjwa au timu ikitaka kuuzwa, mji upewe nafasi ya kwanza ya kuinunua kabla ya mgeni. Hela wakikosa, sawa, wamejaribu. Lakini waulizwe.

Nisiwachoshe. Mnaonaje wadau: timu ni ya aliyeilipia, au ni ya waliokaa kwenye viti miaka yote hiyo? Mwageni maoni hapo chini, ila bila matusi.