Herufi za Kwanza Zianzie Nyumbani

Wako askari wengi, wa jeshi na wa polisi, waaminio kwamba kumfundisha mtoto herufi ni kazi ya mwalimu peke yake. Kwa fikra zao, mzazi amekwisha timiza wajibu wake akilipa karo na kununua sare. Fikra hiyo haina budi kuachwa, kwani hasara yake humwangukia mtoto.

Tusisahau yaliyotupata. Mwezi Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wa chekechea hawakurudi hadi Januari 2022. Aliyekuwa na miaka mitatu milango ilipofungwa, alikaribia mitano ilipofunguliwa. Ikiwa nyumbani hapakuwa na wa kumwonyesha herufi hata moja, muda huo wote ulimpotea. Tena, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997 ulianzia darasa la kwanza. Gharama za chekechea waliachiwa wazazi. Askari mwenye watoto watatu aujua uzito wa mzigo huo.

Lakini askari anayo nyenzo asiyoithamini. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, na mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili ya nchi. Katika kambi kama Mbuya au Nsambya, baba aweza kuwa Mwacholi na mama Muganda, na mtoto akacheza na wenzake kwa Kiswahili. Maandishi ya lugha hii ni manyofu: irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Katika Kiingereza, herufi "a" hutamkwa hivi katika neno hili na vile katika neno lile. Kwa hiyo mfundishe mtoto sauti kwanza, si majina ya herufi. Aliyekariri "bii" na "ei" hawezi kuziunganisha akapata "ba". Lakini ajuaye sauti za a, m na b, tayari aweza kusoma "mama" na "baba".

Vifaa havihitaji fedha. Mchanga wa uani hutosha kuchorea herufi kwa kidole. Vifuniko vya soda, vikiandikwa herufi moja moja, hupangwa vikawa maneno. Udongo hufinyangwa ukawa "o" au "s". Mfuko wa sukari, mkebe wa chai na ubao wa duka ni vitabu pia: mwambie atafute humo herufi ianzayo jina lake. Dakika kumi kwa siku zatosha, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Hapa lipo onyo moja. Mtoto si kuruta, wala sebule si uwanja wa kwata. Amri, kelele na kiboko humfanya aichukie herufi kabla hajaijua. Akichoka, mwache akacheze. Akikosea, mwonyeshe tena kwa upole.

Wengine watasema, "Mimi sikai nyumbani, leo ni lindo, kesho ni safari." Ni kweli. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekwenda Somalia kwa zamu, wakiacha watoto nyuma kwa miezi mingi. Lakini mama, shangazi au kaka mkubwa aweza kuishika kazi hiyo, na baba kwa simu akauliza: "Leo umejifunza herufi gani?" Mtoto ajuaye kuwa ataulizwa swali hilo, atataka awe na jibu.

Samaki mkunje angali mbichi. Ndugu askari, umekabidhiwa ulinzi wa nchi, na watoto hawa ndio watakaoirithi. Usimwache mwanao aingie darasani mikono mitupu, hali mchanga uko mlangoni pako.