Usimtumie Fundi Pesa Yote ya Jiko

Simu tunazopigiwa kuhusu pesa za ujenzi zinafanana sana. Mtu yuko Nairobi au Mombasa, mama yake yuko Seme, Dunga au Nyamasaria, na jiko limechoka: bati linavuja, ukuta umekuwa mweusi kwa moshi, sakafu imepasuka. Anaongea na fundi, wanaelewana shilingi 120,000 kila kitu, na jioni hiyo hiyo anatuma 80,000 za kuanza. Baada ya wiki mbili jiko la zamani limebomolewa, kuna rundo la mchanga na mifuko sita ya simiti uani, mama anapikia chini ya mwembe, na fundi hashiki simu. Hapo ndipo tunaulizwa kama tunaweza kuirudisha hiyo pesa.

Hatuwezi, na ni afadhali tuseme hivyo mapema. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa nambari ambayo hukuikusudia. Kama umemchagua fundi mwenyewe, ukaona jina lake kwenye skrini, ukaweka nambari yako ya siri, hayo ni malipo yaliyokamilika. Yaliyobaki ni deni kati yako na yeye. Unaweza kulipeleka kwa chifu, au Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na ndiyo maana tunakuomba usifute ujumbe wa muamala wala makubaliano yenu ya SMS. Lakini kesi haimpi mama mahali pa kupikia leo.

Maoni yetu ni haya: tenganisha pesa ya vifaa na pesa ya kazi tangu siku ya kwanza, na pesa ya vifaa isipite mkononi mwa fundi hata kidogo. Tuseme hizo 120,000 ndizo zote ulizo nazo. Weka 75,000 za vifaa, 35,000 za kazi, na 10,000 usimwambie mtu. Fundi akuandikie orodha: simiti, mchanga, mawe, nondo, mabati, sinki, bomba. Itume orodha hiyo kwa maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, moja la Kondele na lingine upande wa Kibuye, ulinganishe. Ukishachagua, lipa moja kwa moja kwa Till ya duka, vifaa viletwe nyumbani, na mama au jirani avihesabu kabla lori halijaondoka. Fundi anaweza kununa. Kuna mafundi wana duka lao ambalo huwapa kitu kidogo wakileta mteja. Hatusemi ni dhambi, ila kitu hicho ni chako, na afadhali kionekane kwenye bei ya kazi.

Pesa ya kazi nayo ifuate kinachoonekana. Mpe 5,000 za nauli na chakula, kwa sababu fundi pia ni mtu. Kisha 10,000 zege la sakafu likishamwagwa, 10,000 ukuta ukipita lenta na bati likiwa juu, na 10,000 za mwisho maji yakitoka kwenye mfereji na mlango ukifungika. Usilipe kwa picha ya WhatsApp peke yake. Picha ya msingi inaweza kuwa ya msingi wa mtu yeyote. Piga simu ya video, mama asimame hapo ndani.

Najua mtasema, "Hawa wanataka tutume mara nne ili watukate ada mara nne." Swali la haki. Basi piga hesabu: ada ya hizo mara nne haifiki bei ya mfuko mmoja wa simiti. Ukilinganisha na 80,000 zilizoenda bila kurudi, tutavumilia kulaumiwa.

Sasa zile 10,000 ulizoficha. Sehemu kubwa ya Nyamasaria na uwanda wa Kano ina ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Sakafu ikimwagwa juu yake hivi hivi, mwaka haupiti kabla ya kuona ufa. Inabidi udongo uchimbwe utolewe, pajazwe mawe na murram, na kazi hiyo mara nyingi haimo kwenye bei ya kwanza ya fundi. Walio karibu na maji wana hesabu nyingine tena. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia nyumba za watu Dunga na kwingineko ufukweni, na mwaka 2024 likafurika tena. Ukijenga huko, inua sakafu na uweke soketi za umeme juu, hata kama itabidi taili zisubiri. Taili zinaweza kuwekwa mwakani.

Kuhusu mikopo ya simu tutakuwa wakali, ingawa ni biashara yetu pia. Mkopo wa siku 30 unafaa duka linalouza kila siku. Jiko haliuzi kitu. Pesa zikiisha ukuta ukiwa nusu, simamisha kazi, funika simiti, uweke akiba tena. Hilo linawezekana tu kama hukubomoa jiko la zamani, kwa hiyo lisiguswe mpaka jipya limepikiwa ugali.

Na kabla ya kuomba bei yoyote, mpigie mama umwulize atapikia nini humo ndani. Tumeona majiko mazuri, taili mpaka juu, halafu mwenyewe amejenga kibanda kando cha kukaangia omena na mbuta kwa kuni, kwa sababu hakuna aliyemwachia mahali pa moto wala njia ya moshi. Akisema anataka kuni na gesi pia, vyote viingie kwenye orodha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo ukuta unahitaji tundu la hewa chini, si dirisha la juu peke yake. Mwambie fundi aliache tundu hilo anapojenga. Ukilikumbuka baada ya plasta, atalitoboa kwa bei yake.