Wanaonakili Hawana Kosa

Nimefundisha miaka 35, na katika muda huo nimechana karatasi za mtihani za watoto walioangalizia kwa wenzao, wala mkono haukunitetemeka. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asije akadhani kuwa haya ninayoyatetea nayatetea kwa ulegevu wa uzee. Nataka kuwatetea vijana wanaonakili. Sisemi wanaonakili mtihani, la hasha. Nasema wale wachezao mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, ambao wakiingia mashindanoni na fungu la karata lililobuniwa na mtu mwingine huambiwa kuwa ni kasuku, hawana akili za kwao.

Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi la wasemaji hao, tena nikamwumiza mtoto wa damu yangu.

Mwaka 2024 nilikaa miezi mitatu kwa binti yangu huko Leicester, Uingereza. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 17, akaniambia, "Babu, njoo nikufundishe karata." Nilidhani ni zile zetu, wahedusitini au arubastini, nikavuta kiti kwa majivuno. Kumbe ni karata nyingine kabisa. Mchezo huu ulitungwa na mwanahisabati wa Kimarekani, Richard Garfield, na kampuni ya Wizards of the Coast ikauchapisha mwaka 1993. Hapa hakuna mgawaji wa kugawa kutoka fungu moja la wote. Kila mchezaji huja na fungu lake alilolipanga nyumbani, karata zisizopungua 60, na hairuhusiwi kuweka zaidi ya nakala nne za karata moja, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Ardhi ndiyo hutoa nguvu ya kulipia karata nyingine: viumbe, uchawi, silaha na kadhalika. Kila mmoja huanza na uhai 20, na kazi ni kuumaliza wa mwenzako. Karata hununuliwa katika vipakiti vilivyofungwa usijue kilichomo, au moja moja kwa wauzaji, na hapo ndipo ubaya ulipo, kama nitakavyoeleza.

Ijumaa moja ya mwezi Julai alinichukua hadi dukani wanakoshindania. Nilizunguka mezani, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Meza ya kwanza nikaona karata ya ndege mmoja, Nadu. Meza ya tatu, ndege yuleyule. Ya nne, yuleyule. Mjukuu wangu alikuwa na fungu alilolibuni mwenyewe kwa majuma mengi, na alishindwa mara tatu mfululizo. Tulipokuwa tukirudi nikampa maneno ya faraja ya kimwalimu: kwamba yeye kashindwa kwa heshima na wale wameshinda kwa wizi, na kwamba mtu hashindi kwa kazi ya mwenzake. Rafiki yake alikuwa tayari kumwazima fungu la Nadu kwa mashindano ya mwezi huo. Akalikataa kwa ajili ya neno la babu yake. Akaendelea kushindwa kila Ijumaa, na kabla sijapanda ndege kurudi nyumbani alikuwa ameacha kabisa kwenda. Radhi nimekwisha kumwomba. Hapa nalijibu lile neno nililomwambia, maana nalisikia bado vinywani mwa wengi.

Kwanza, kunakili fungu la karata si sawa na kuangalizia mtihani. Mtihani hupima unachokijua wewe peke yako, hivyo anayeangalizia anadanganya kipimo. Fungu la karata lafanana zaidi na andalio la somo. Mwaka 1972, nikiwa mwanachuo wa ualimu, nilipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini. Mwalimu mzee wa pale alinionea huruma akanipa daftari lake la maandalio. Nikanakili somo la sehemu neno kwa neno: kata chungwa vipande viwili, kata vinne, uliza maswali. Nikasimama mbele ya watoto zaidi ya 50 na machungwa matatu. Kabla sijafika kwenye robo, vipande viwili vilikwisha kuliwa na darasa zima likawa linacheka. Andalio lilikuwa lilelile lililomfaa mzee yule miaka yote. Asiyefaa nilikuwa mimi. Ilinichukua mwaka mzima kulifundisha somo lile kama lilivyoandikwa, na mwaka mwingine kujua wapi pa kulibadili. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniita mwizi.

Na mchezo wa karata ni hivyohivyo. Aliyenakili orodha ya karata 60 bado hajui ni karata zipi saba za mwanzo azikubali na zipi azirudishe achote upya. Hajui ni lini atumie zile 15 za akiba zinazoruhusiwa kubadilishwa baina ya mchezo mmoja na mwingine. Nimeona watu wawili wenye mafungu yanayofanana wakikutana, mmoja akamnyoa mwenzake bila maji.

Pili, wanaosema kunakili ni ugonjwa mpya hawajui historia ya mchezo wao. Mwaka 1996, mchezaji aitwaye Paul Sligh aliwashangaza wengi kwa fungu jekundu lililojaa karata zilizokuwa zikidharauliwa, mathalani Ironclaw Orcs, ambazo wakubwa waliziona takataka. Siri ilikuwa mpangilio: karata za bei ndogo ya nguvu nyingi, za bei kubwa chache, ili kila zamu nguvu itumike yote isibaki. Wachezaji huuita mpangilio huo jina la Sligh hadi leo. Lakini aliyeubuni fungu lile hasa ni Jay Schneider. Jina lilimwendea mchezaji. Basi hata fungu linalotolewa mfano wa ubunifu wa mnyonge lilichezwa na mtu aliyelipokea kwa mwingine, na wala Sligh hakufanya kosa lolote.

Kama kosa si la anayenakili, ni la nani basi Nadu akajaa mezani? Hebu tumtazame huyo ndege. Maneno ya karata yake yasema kwamba kila kiumbe chako kinapolengwa na uchawi au uwezo wowote, unafunua karata ya juu ya fungu lako. Ikiwa ardhi unaiweka mezani, ikiwa si ardhi unaitia mkononi. Na kila kiumbe chaweza kufanya hivyo mara mbili katika kila zamu. Sasa ipo karata ya zamani ya mwaka 2005 iitwayo Shuko, kifaa ambacho kukifunga kwenye kiumbe hakugharimu nguvu yoyote. Unakifunga kwa huyu, unakihamishia kwa yule, bure, na kila mara unachota. Mwenzako anakaa kukutazama dakika nyingi ukifunua na kuchota, kama mtu aliyealikwa karamuni akaambiwa ashike taa.

Karata hiyo ilitoka Juni 2024. Mwisho wa mwezi huohuo, katika mashindano makubwa ya Amsterdam, watano kati ya wanane waliofika hatua ya mwisho walikuwa na Nadu, na bingwa, Simon Nielsen, alikuwa mmoja wao. Ikapigwa marufuku tarehe 26 Agosti, majuma manane baadaye. Siku hiyo mmoja wa wabunifu, Michael Majors, aliandika waziwazi kwamba maneno ya karata yalibadilishwa dakika za mwisho, na kwamba ilivyochapishwa sivyo ilivyojaribiwa. Namheshimu kwa kukiri, maana wapo wakuu wa idara niliofanya nao kazi ambao hawakukiri jambo hata siku moja. Lakini kukiri kwake kunatosha kufunga kesi hii. Karata isiyojaribiwa iliuzwa, watu wakaona kwamba ndiyo turufu, wakaicheza. Wangefanya nini? Ukimpa mtoto karatasi ya maswali ambayo jibu lake limechapwa ukingoni kwa makosa ya mpiga chapa, utamwadhibu kwa kulisoma?

Wala si mara moja. Mwaka 2011 karata iitwayo Jace, the Mind Sculptor ilikuwa inauzwa takriban dola 100 moja, na fungu zuri lilitaka nne. Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, ni tabia ya kazi. Mwenye nakala nne kati ya karata 60 ana nafasi ya takriban asilimia 40 ya kuipata karata hiyo katika saba zake za mwanzo. Mwenye nakala moja ana nafasi isiyofika asilimia 12. Kwa hiyo aliye na dola 400 na aliye na dola 100 hawachezi mchezo mmoja, hata kama wameketi meza moja na akili zao ni sawa. Kwenye bao kila mtu ana kete 32, tajiri na maskini, na hajapata kuzaliwa muuza kete anayeuza kete yenye nguvu kuliko nyingine.

Mwaka huohuo wa 2011 Jace alifungiwa katika mashindano ya kawaida pamoja na karata nyingine, Stoneforge Mystic. Na hapa pana kichekesho nisichoweza kukipita. Kampuni ilikuwa imekwisha kuuza fungu lililopangwa tayari, War of Attrition, lenye nakala mbili za Stoneforge Mystic ndani yake. Wakatoa ruhusa: mwenye fungu hilo aweza kulicheza mashindanoni, mradi asibadilishe hata karata moja ya lile fungu. Soma tena sentensi hiyo, ndugu yangu. Kijana akinakili fungu la bingwa anaitwa kasuku. Lakini kulikuwa na siku ambapo kanuni zenyewe zilimtaka awe kasuku kamili, na kubuni karata moja tu ya kwake kungekuwa kosa.

Mwaka 2017 wakaja na dawa nyingine. Walipunguza idadi ya orodha za mafungu yanayoshinda walizokuwa wakizitangaza kutoka michezo ya kwenye kompyuta, kwa hoja kwamba wachezaji wanalifumbua fumbo upesi mno. Hiyo ni dawa ya mwalimu mvivu, ambaye wanafunzi wakimaliza hesabu zote kabla ya kengele huwafungia kitabu badala ya kutunga hesabu bora. Isitoshe, kuficha orodha humsaidia nani? Mwenye kundi kubwa la marafiki wa kufanya nao majaribio usiku kucha atazigundua mwenyewe. Anayebaki gizani ni yule kijana wa mji mdogo aliyekuwa hana mwalimu ila hizo orodha.

Wapo watakaonijibu kwamba marufuku nayo huumiza, kwa kuwa aliyenunua hurudi nyumbani na makaratasi. Ni kweli, na ndiyo maana nasema kazi ifanyike kabla ya kuuza. Tarehe 30 Juni 2025 zilifungiwa karata saba kwa mpigo katika mashindano ya kawaida. Mwalimu akifuta maswali saba baada ya mtihani kuanza, tatizo halipo kwa watahiniwa. Na kumwondoa Nadu hakukuleta neema iliyotarajiwa: Desemba 2024 ilibidi zifungiwe tena nyingine, The One Ring ikiwa mojawapo.

Wengine husema, basi kijana mwenye ubunifu na abuni jibu la kumpiga mkubwa. Nilisema hivyo mimi Julai ile. Wapo wanaoweza, na nawavulia kofia. Lakini kulifanya hilo liwe sharti la heshima ni kumtwika mtoto wa miaka 17, mwenye pesa za kuosha magari ya majirani, mzigo wa kusahihisha kazi ya watu wanaolipwa mshahara kuifanya.

Ikiwa tunataka kuona ubunifu mezani, zipo njia ambazo tayari zinachezwa na hazimtukani mtu. Ipo ile ya kufungua vipakiti palepale: kila mmoja anachagua karata moja, anampasia jirani kilichobaki, na kadhalika, mpaka kila mtu ana za kutosha kupanga fungu lake, safari hii la karata 40. Hapo hakuna orodha ya kunakili, ni kama zoezi la ufahamu ambalo hakuna aliyeliona kabla. Ipo pia ile iitwayo Pauper, iliyotambuliwa rasmi kwa kanuni moja mwaka 2019, ambamo huruhusiwa karata zilizochapishwa kama karata za kawaida tu, zile ambazo wengi huziacha mezani dukani baada ya kufungua vipakiti. Fungu zima hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya yale mengine. Maduka yangezipa njia hizi mbili Ijumaa mbili kila mwezi, yangeona ni nani wangerudi.

Mjukuu wangu amerudi. Binti yangu aliniambia kwa simu kwamba anacheza Pauper, fungu jekundu la viumbe wadogo wadogo. Nikamwomba aniitie kijana. Baada ya shikamoo nikamwuliza kalipata wapi. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa akipima hali ya hewa, kisha akasema, "Nimenakili, Babu. Lote, ila karata mbili." Nikamwuliza ni zipi hizo mbili na kwa nini kazibadilisha, naye akaanza kunieleza, na maelezo yakachukua nusu saa nzima ya muda wake wa simu.