Safari na Mwenza Isingoje Msiba



Ndugu msomaji, katika mashauri ya ndoa yanayoletwa mbele ya kamati za misikiti yetu, lipo lalamiko moja ambalo husemwa kwa sauti ndogo. Si la kipigo, wala si la matumizi. Mke husema: “Tangu tuoane, hatujawahi kusafiri pamoja ila kwenye msiba.” Mume husikia, hutabasamu, kisha huuliza kama hilo nalo ni shauri la kuwaita wazee.

Ni shauri, na hapa Dodoma lina uzito wake. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia shughuli zake makao makuu, watumishi wengi wamekuja kuanza kazi huku wenza wao wakibaki Dar es Salaam kwa ajili ya ajira, biashara au shule za watoto. Wanandoa hao huonana mwisho wa mwezi. Kwa simu huzungumza juu ya ada, kodi ya nyumba na bili ya maji. Mengine huahirishwa, na jambo linaloahirishwa kila mwezi hatimaye hugeuka kinyongo.

Wako wanaodhani kuwa mume kutoka na mkewe kwa matembezi ni anasa iliyoigwa ugenini. Hao na waisome sira. Mtume (S.A.W.) alikuwa akisafiri na wakeze, na alipotaka kutoka alipiga kura baina yao ili asimdhulumu yeyote. Katika safari mojawapo alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), naye Aisha akamshinda. Baadaye, Aisha alipoongezeka mwili, walishindana tena, na safari hiyo Mtume akashinda, akamtania kuwa sasa wametoshana. Safari nyingine kidani cha Bibi Aisha kilipotea, na msafara mzima ukasimama kukitafuta mahali pasipo na maji. Baba yake alimkaripia, lakini Mtume hakumkaripia. Ni katika tukio hilo ndipo iliposhuka aya ya tayamamu, nafuu tunayoitumia hadi leo.

Basi kwa likizo hii ya Juni, nawapendekezea wanandoa wa Dodoma njia ya pwani ya kusini. Ni majira yake. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na barabara ni kavu. Msimu una maana kubwa katika njia ile: mwezi Mei mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na kuwakwamisha wasafiri wengi.

Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 450, na kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takribani 300. Wasio na gari wasivunjike moyo, kwani mabasi yapo, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwafikisha Dar es Salaam kwa saa chache. Ukishaipita Kibiti utavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake wasafiri walisubiri pantoni, na mto ulipofurika, safari ilikwama. Mbele ni Somanga, kisha Nangurukuru, ambapo barabara ya Kilwa Masoko huchepuka kuelekea baharini.

Kilwa Masoko chukueni kibali, kisha mvuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukiwa na kuba na safu za nguzo. Wale waliokuwa wakisali humo walifanya biashara ya dhahabu ya Sofala na kujipigia sarafu zao wenyewe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye ukarimu wake ulimpatia lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa. Anasimulia kuwa fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua na kumpa. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji huo. Mwanandoa aliyesimama na mwenzake chini ya kuba zile ataelewa, bila mhadhiri, kwamba Uislamu wa nchi hii una mizizi mirefu.

Wenye siku zaidi waendelee hadi Lindi, Mtwara na mji mkongwe wa Mikindani. Kurudi si lazima kupitia njia ileile: kuna lami kwa Masasi, Tunduru na Songea, hadi Iringa na Bwawa la Mtera, kisha nyumbani.

Hata hivyo, magofu si faida kuu ya safari hii. Mwaka jana, mimi na mwenzangu tulipoiacha Rufiji nyuma, barabara ilinyooka na mazungumzo yakatulia. Ndipo aliponiambia, “Baba, mimi natamani kurudi chuoni nikamalize stashahada yangu.” Nyumbani kuna wageni, kuna adhana, kuna watoto na simu za kamati, neno kama hilo halipati nusu saa. Ndani ya gari lilipata saa tatu. Tulipofika Nangurukuru tulikuwa tumekwisha kupiga hesabu ya ada na kujua nani atakaa na mtoto mdogo jioni. Mwezi Oktoba alianza masomo, walhamdulillah.

Yapo mambo machache ya kuzingatia. Safari isiwe ya mkopo; wekeni akiba kidogo kidogo, na bajeti waijue wote wawili, kwa kuwa fedha iliyofichwa huharibu safari kabla ya kituo cha kwanza. Bibi anayeachiwa watoto aombwe mapema, naye apewe haki ya kukataa; aachiwe na matumizi ya kutosha. Msiendeshe usiku kwa kushindana na saa. Mwendo wa kilomita 80 hivi, kwa kauli ya wanazuoni wengi, unaruhusu kupunguza Swala za rakaa nne ziwe mbili, baada ya kuyaacha majengo ya mji. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, pia ni ruhusa. Katika kila kituo muulizeni imamu au mwenyeji ilipo sehemu ya wanawake, ili mama asisali nyuma ya gari.

Na kwa wasio na uwezo wa kufika Kilwa, shabaha haipotei. Kondoa ipo, na michoro ya miambani ya Kolo ipo, mwendo wa siku moja kwenda na kurudi. La msingi ni wawili watoke, simu izimwe, na mmoja amsikilize mwenzake hadi mwisho wa sentensi. Msiba utakuja kwa wakati wake, na siku hiyo watasafiri pamoja kama kawaida. Heri wawe wamekwisha kuzoea kuketi kiti kimoja.

Wabillahi Tawfiq.