"Upepo mkali" halitoshi

Katika Kiswahili tunachoandika hapa kitivoni, upepo ukizidi huitwa "upepo mkali", basi. Kwa kusimulia paa lililong'olewa, maneno hayo yanatosha. Hayamtoshi mtu aliyesimama juu ya ubao wenye tanga, mchezo ambao sisi wa Lubumbashi tunaujua kwa jina la Kifaransa tu, planche à voile.

Ubao huo hauna usukani. Mchezaji huuongoza kwa kuinamisha tanga kwa mikono yake, na nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo wake: upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma tanga kwa nguvu mara nne ya ule wa kilomita 20. Aliyezoea hubadili tanga mapema, akachukua dogo. Mgeni hung'ang'ania, ingawa akiachia tu, tanga litaanguka majini na ubao utasimama.

Mabaharia wa pwani walikuwa na maneno ya mambo haya. Walitofautisha kusi na kaskazi, na kati yake maleleji, pepo zinazogeukageuka. Kusi ilipokuwa kileleni, Juni na Julai, majahazi ya Arabuni hayakuondoka. Yalitangulia, au yalingoja demani, kusi ilipolegea. Upepo mwingi kwao haukuwa bahati.

Wako wanaotaka tuyachukue maneno hayo yote kama yalivyo. Sikubali. Kusi ni upepo wa bahari, unavuma sawasawa siku baada ya siku. Ndiyo sababu wageni huufuata hadi Paje, Unguja. Ziwa la Karavia ni dogo, na upepo unaopita juu ya miti na majengo hufika umekatika vipande vipande. Mvua za kwanza zinapokaribia, Oktoba au Novemba, hewa baridi hushuka kutoka kwenye wingu la radi na kuitangulia mvua: kimya, halafu kishindo, tena kutoka upande usioutazamia. Ukimwambia mtu "kusi" pale, hujamwambia kitu. Hata "punguza matanga" ina matata yake, maana mtu wa hapa akisikia matanga anafikiria kilio. (Labda hakosei sana.)

Tunachoweza kuazima pwani bila hasara ni vitenzi: kuachia, kupunguza tanga, kwenda joshi, kupiga bisho. Hivyo vinasema mkono ufanye nini na kamba, na mkono haujui msimu. Lakini jina la ule upepo wa kabla ya mvua tulitafute huku kwetu, kwa wanaosema mupepo, kwanza kwa wavuvi ambao maisha yao yako mikononi mwake. Wanaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo, kuna safari ya Kalemie inawangoja, na nyingine ya Kilwa. Kilwa yetu ya Mweru, si ile ya pwani.