Kufumua Si Kushindwa

Wahenga hawakukosea walipolonga kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wapenzi wasomaji wa jarida letu, walimu wangu na wanafunzi wenzangu, nimeomba nafasi hii niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka jana. Mimi ni mvulana wa Kidato cha Tatu. Nacheza mpira kama wengine, nachunga ng'ombe jioni kama wengine. Lakini uraibu wangu mkubwa ni kufuma sweta. Naam, mmesoma vizuri. Sweta, kofia na skafu, kwa sindano mbili na uzi. Najua kuna wanaocheka saa hii. Chekeni, lakini msifunge ukurasa.

Maoni yangu ni haya: sisi wanafunzi tunaogopa mno kazi inayoharibika. Tukikosea hesabu tunararua karatasi, tukikosea insha tunaificha chini ya dawati. Kufuma kumenifunza kwamba kazi iliyoharibika haifai kufichwa. Yafaa ifumuliwe, uzi ukunjwe vizuri, kisha mtu aanze tena. Ningependa shule yetu itupe nafasi ya kujifunza jambo hilo kwa mikono, wavulana na wasichana.

Wacha nianze mwanzo. Mwaka wa 2020 nilikuwa darasa la tano. Shule zote nchini zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Kabla hatujazoea kukaa nyumbani, nyumba yenyewe ikatutoka. Mwaka huo maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiasi, nayo Nzoia ikakosa mahali pa kumwaga maji yake. Watu wa Budalang'i hawahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Wazazi wetu wanatusimulia ya 2003, ya 2007, ya 2008 na ya 2011. Sisi tukapata yetu. Tukahamia kambini penye mwinuko, hema moja watu saba.

Mtoto bila shule, bila kiwanja cha mpira, afanye nini? Nyanya aliniona nikizurura tu, akaniita. "Mjukuu wangu, njoo hapa. Mikono isiyo na kazi hutafuta makosa." Alikuwa na spoki mbili za baiskeli, ncha zake amezisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Hizo ndizo zilikuwa sindano zake. Mama naye hunieleza kwamba walipokuwa shule ya msingi miaka ya tisini, walifuma kwa spoki hizo hizo katika somo la Sayansi Kimu, kwa sababu sindano za dukani zilikuwa ghali. Na huku kwetu spoki hazikosi. Si ndiko jina la boda boda lilikozaliwa, tangu miaka ya 1960, baiskeli zikibeba watu na mizigo huku na huku kwenye mpaka wa Kenya na Uganda?

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa skafu. Nilianza na vitanzi 20. Nilipofika mwisho nilihesabu vitanzi 31! Skafu ilikuwa nyembamba upande mmoja na pana upande wa pili, mithili ya kasia. Kumbe kila nilipogeuka mwisho wa safu nilikuwa naokota kitanzi kisichohitajika bila kujua. Nyanya aliitazama, akatabasamu, akashika ncha ya uzi akavuta. Trrr! Kazi ya wiki mbili ikaisha mbele ya macho yangu. Nililia, sitaficha. Nyanya akanipa mpira wa uzi mkononi, akasema, "Sasa lia nini? Uzi wote si huu hapa?"

Kazi ya pili ilikuwa kofia ya mtoto wa shangazi aliyezaliwa mwaka wa 2021. Niliazima kofia ya mtoto mwingine, nikahesabu vitanzi vyake, nikafuma idadi ile ile. Ilipokwisha, ilimtosha babu! Kosa lilikuwa uzi. Kofia niliyoiga ilifumwa kwa uzi mwembamba, wangu ulikuwa mnene kama kamba ya ndama. Idadi moja, uzi tofauti, kofia tofauti. Tangu siku hiyo nikianza kazi yoyote, hufuma kwanza kipande kidogo cha majaribio, nikakipima kwa rula, ndipo naanza. Kofia yenyewe ilibaki kwa babu na aliivaa akienda kanisani.

Huenda mnajiuliza uzi natoa wapi. Mpya ni ghali kwa mwanafunzi, kwa hivyo natafuta sweta kuukuu za mitumba sokoni Port Victoria au Busia, nazifumua. Hapo napo nimeumia. Siku moja nilinunua sweta ya buluu ya kupendeza kwa shilingi 50. Nilipoivuta, uzi ulitoka vipande vipande, kila kimoja urefu wa mkono. Sikujua kwamba sweta nyingi za kiwandani hukatwa kwa makasi kama kitambaa kisha zikashonwa kwa cherehani. Hizo hazifumuki. Sasa naigeuza sweta ndani nje kwanza. Nikiona ukingo wa mshono umekatwa na kuzungushiwa nyuzi za cherehani, naiacha. Nikiona vitanzi vimekamilika mpaka ukingoni, nanunua. Nikishaufumua, naufua uzi na kuuanika nikiwa nimeufungia jiwe dogo, ili yale mapindopindo yanyooke.

Mwaka wa 2023 dadangu mdogo alikuwa Gredi ya Pili na hakuwa na sweta ya shule. Asubuhi za mvua alitetemeka njiani kama kifaranga. Nikaamua nitamfumia. Sehemu ya mbele ilienda vizuri, ya nyuma pia. Mkono wa kwanza niliufuma wakati wa likizo, wa pili wakati wa mitihani. Nilihesabu safu sawasawa, lakini mkono wa pili ulitoka mfupi. Mtu akiwa na wasiwasi hukaza uzi bila kujijua. Nikafumua mkono ule mzima, nikangoja mitihani iishe. Kisha uzi ukaniishia kabla ya kola! Nilirudi sokoni, maruni niliyopata haikuwa ile. Basi nikafumua na ncha za mikono na ukingo wa chini, nikazifuma zote pamoja na kola kwa ile maruni ya pili. Ikaonekana kama nilipanga hivyo tangu mwanzo. Siku aliyoivaa alizunguka boma zima, ati kila mtu amguse.

Hayo ni ya kupanda. Sasa nije kwenye ya kushuka.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 nilianza sweta ya nyanya. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na hakuweza kufuma tena, hivyo nikaona ni zamu yangu. Mvua ya masika mwaka huo, mtakumbuka, ilileta mafuriko sehemu nyingi za Kenya na sisi hatukusazwa. Tulihama usiku. Mtu akihama usiku hubeba watoto, blanketi na sufuria, habebi uzi. Tuliporudi nilikuta mfuko wangu umezama kwenye matope. Spoki zilikuwa zimeshika kutu, na kutu imeingia kwenye vitanzi. Niliifumua, nikafua uzi mara nne. Matope yalitoka, alama za kutu zikakataa.

Nikaanza upya nikiwa Kidato cha Pili, na nikawa nabeba kazi yangu shuleni nifume wakati wa chamcha. Hapo ndipo nilipokiona cha mtema kuni. Wenzangu walinipa jina la "Mama Sweta". Wengine walinipigia makofi nikipita. Mtu mmoja mwenye mamlaka alizikuta spoki dawatini akasema ni silaha, zikaenda. Sikulaumu sana juu ya hilo, maana spoki iliyochongwa ni spoki iliyochongwa. Lakini maneno yaliniuma. Muhula mzima wa pili sikugusa uzi. Nyanya aliniuliza mara moja tu, "Mjukuu wangu, sweta yangu imefika wapi?" Nikamdanganya kwamba imefika kwapani.

Jumapili moja nilimpata baba chini ya mwembe akitengeneza wavu wake. Mbuta mkubwa alikuwa ameupasua. Sindano ya mbao mkononi, anaingiza, anazungusha, anakaza fundo. Akaniuliza kwa nini siku hizi sifumi. Nikamwambia ukweli, kwamba shuleni wanasema ni kazi ya wanawake. Baba hakuinua kichwa. "Na mimi hapa nafanya nini, kijana wangu?" Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Wavu usipofumwa, nyinyi mtakula nini? Leta hizo spoki zingine ukae hapa."

Jamani, hebu tufikirie. Hata lugha yetu inatumia neno kufuma kwa nguo na kwa wavu. Pwani ya ziwa hili imejaa wanaume wanaohesabu matundu ya wavu kuanzia alfajiri, na hakuna anayewacheka. Kwa nini tumcheke mvulana anayehesabu vitanzi vya sweta? Si hapa tu. Kule Peru, katika kisiwa cha Taquile kilicho ndani ya Ziwa Titicaca, wanaume ndio wanaofuma kofia, na huanza kujifunza wakiwa wavulana. Mwaka wa 2005 UNESCO iliitambua sanaa hiyo ya nguo kuwa urithi wa binadamu. Na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021, Tom Daley wa Uingereza alishinda nishani ya dhahabu katika kupiga mbizi pamoja na mwenzake Matty Lee, kisha kamera zikamnasa ameketi kwenye viti vya watazamaji anafuma. Alijitengenezea hata kifuko cha uzi cha kuwekea nishani yake. Huyo naye mtamwita Mama Sweta?

Kuna watakaosema Kidato cha Tatu si wakati wa kuchezea uzi, tusome. Nakubali masomo kwanza. Hata hivyo, anayefuma anahesabu, anapima, anagawanya, na akikosea kosa linamkodolea macho mpaka alirekebishe. Wengine watasema sweta ya mitumba ni rahisi kuliko kufuma. Hiyo ni kweli kabisa, sitabisha. Mimi sifumi ili niokoe pesa. Nafuma kwa sababu ni kazi ambayo ikinishinda leo naweza kuirudia kesho kwa uzi ule ule, na huku kwetu si vitu vingi vinavyorudi baada ya kuharibika.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mnakumbuka vitenzi vya kutendua: funga, fungua, tega, tegua, fuma, fumua. Mwalimu hutuambia fumua ni kinyume cha fuma. Kwenye sarufi ni sawa. Lakini mwenye sindano mkononi anajua kwamba kufumua ni sehemu ya kufuma.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza, shule ituruhusu saa moja kwa wiki, jioni ya vyama, tufanye kazi za mikono: sweta, vitambaa vya kochi, nyavu, vikapu, chochote. Sindano zihifadhiwe na mwalimu ili pasiwe na hofu ya silaha. La pili, siku ya wazazi tusionyeshe zilizokamilika tu. Tuonyeshe na zilizoharibika, na kila mtu aeleze alikosea wapi. Mimi nitaleta kipande cha skafu kama ile yangu ya kwanza, yenye umbo la kasia.

Sweta ya nyanya sasa imefika kwapani kweli, si uongo tena. Nilitaka kuuacha ule uzi wenye kutu, yeye akakataa. Aliupapasa kwa vidole akasema niutumie, ila niuweke kwa ndani. Macho yake hayarudi nyuma, yanaenda tu. Bado rangi nyekundu anaiona, na nataka nimalize kabla haijamtoka.

Kwa hayo machache natia nanga. Atakayenicheka kesho getini, na anicheke akiwa ameleta uzi.